Maradhi Yaliyojificha Nyuma ya Homa

Maradhi yana historia, kama vile miji na falme zilivyo na historia. Tumezoea kusoma habari za watawala, za vita, na za merikebu zilizotia nanga katika bandari zetu. Lakini ni mara chache tusomapo habari za mgonjwa aliyelala kitandani, na za mtu aliyekesha kando yake. Hata hivyo, msomaji mpenzi, katika kila zama watu waliougua walikuwa wengi kuliko watu waliotawala, na mikono iliyowauguza ilifanya kazi kubwa ambayo haikuandikwa. Katika insha hii nataka tufuatane mpaka Mombasa, katika Mji wa Kale, tutazame habari za ugonjwa mmoja uitwao lupasi, na jinsi kijana aliyepatwa nao anavyopasa kuuguzwa. Tutaona kwamba ugonjwa huu haukukosekana kwetu, ila ulikosa macho ya kuutambua. Na kwamba nusu ya uuguzi ni kutazama.

Yafaa kwanza tujue lupasi ni nini. Mwili wa mwanadamu una ulinzi wake, ambao kazi yake ni kupigana na vijidudu viletavyo magonjwa. Ukisimama mbele ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, fikiri juu ya askari waliowekwa pale kuulinda mji na adui atokaye baharini. Sasa fikiri kwamba askari hao wamegeuza mizinga yao, wakaanza kuupiga mji wenyewe. Ndivyo ilivyo lupasi. Ulinzi wa mwili huwasahau wenyeji, ukawashambulia kana kwamba ni maadui: leo ngozi, kesho viungo, kesho kutwa figo, moyo, mapafu au ubongo. Kwa hiyo mgonjwa mmoja hulalamikia vidole vilivyokakamaa asubuhi, mwingine vidonda vya mdomoni, mwingine nywele zinazong'oka, mwingine homa isiyokwisha na uchovu usioondolewa na usingizi. Wengine hutokwa na upele juu ya mashavu yote mawili na mgongo wa pua, wenye umbo la kipepeo aliyekunjua mabawa. Katika kila watu wazima 10 wenye ugonjwa huu, 9 hivi ni wanawake, na kwa kawaida huanza baina ya umri wa miaka 15 na 45, yaani wakati ule ule mtu anaposoma, anapoanza kazi, au anapofunga ndoa. Hauambukizi kwa kugusana, wala kwa kula pamoja, wala kwa kulala chumba kimoja.

Jina lake ni la kale. Lupus ni neno la Kilatini lenye maana ya mbwa-mwitu. Madaktari wa Ulaya wa karne za kati walilitumia kwa vidonda vilivyokula nyuso za watu, kana kwamba mnyama mkali amewang'ata. Lakini jina hilo moja lilifunika magonjwa mengi, hata kifua kikuu cha ngozi kikaitwa vivyo hivyo. Ilikuwa katika karne ya 19 ndipo mambo yalipoanza kupambanuliwa. Mwaka 1845 Ferdinand von Hebra wa Vienna alieleza upele ule wenye umbo la kipepeo. Mwaka 1851 Cazenave wa Paris aliupa ugonjwa jina la lupasi nyekundu, na mwaka 1872 Moritz Kaposi akaonyesha kwamba hauishi kwenye ngozi tu, bali huweza kuingia ndani ya mwili na kuua. Tazama, msomaji, miaka mingapi ilipita, na madaktari wangapi walihitajika, mpaka watu wakakubali kwamba kilicho usoni na kilicho ndani ni kitu kimoja.

Je, wakati huo huku kwetu mambo yalikuwaje? Katika Mombasa ya karne ile, neno lililotawala lilikuwa homa. Mwezi wa Mei mwaka 1844 mmisionari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika kisiwani pamoja na mkewe Rosine. Haikutimia miezi mitatu homa ikawashika wote wawili. Rosine, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu, alifariki tarehe 13 Julai, na yule mtoto akamfuata. Walizikwa ng'ambo, upande wa bara. Krapf alipona, akabaki kuandika kamusi na kutafsiri vitabu. Habari hii ni mashuhuri kwa sababu Krapf alikuwa mwandishi. Lakini ni nyumba ngapi za Kibokoni, Kuze na Mlango wa Papa zilizokuwa na msiba kama huo, wala hapana aliyeuandika?

Katika nyumba hizo mgonjwa aliuguzwa na watu wake. Mama au nyanya alikaa kitako juu ya mkeka, akimpepea, akimkanda viungo kwa mafuta, akimlisha uji kijiko kwa kijiko. Viungo vikiuma, ilisemwa ni baridi yabisi. Mwili ukiwaka, ilisemwa ni homa. Mwalimu aliitwa kusoma dua, na kombe likaandikwa kwa zafarani juu ya sahani, likasuuzwa, mgonjwa akanywa. Tusiwacheke wazee wetu. Walitumia elimu waliyokuwa nayo, na walikuwa na jambo moja ambalo hospitali nyingi za leo hazina kwa wingi, nalo ni wakati. Hawakumwacha mgonjwa peke yake. Upungufu wao ulikuwa huu, kwamba majina waliyokuwa nayo yalikuwa machache kuliko maradhi, na kila ugonjwa mgeni ulivishwa jina la ugonjwa mwenyeji.

Hospitali ya kwanza ya namna ya kigeni kisiwani ilianzishwa mwaka 1891, wakati wa Kampuni ya Imperial British East Africa. Baadaye zikafuata nyingine. Lakini chini ya utawala wa kikoloni hospitali, kama shule na mitaa, zilitengwa kwa rangi. Mzungu alikuwa na yake, Mwasia yake, na Mwafrika yake, na ile ya Mwafrika ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi na vifaa vichache. Daktari mmoja aliyezungukwa na malaria, kifua kikuu, tauni na ukoma, pasipo maabara ya kutosha, angewezaje kumtambua msichana mmoja ambaye homa yake haikuwa malaria?

Basi ikaenea fikra miongoni mwa waganga wa kizungu kwamba lupasi ni ugonjwa adimu kwa Waafrika. Fikra hii iliingia katika vitabu, na vitabu vikafundisha madaktari, na madaktari waliofundishwa kwamba kitu hakipo hawakukitafuta. Na kwa kuwa hawakukitafuta, hawakukiona. Na kwa kuwa hawakukiona, vitabu vikaendelea kusema hakipo. Huo ni mviringo ambao mwanafunzi wa historia apaswa kuujua vizuri, maana hauko katika tiba peke yake.

Mviringo huo ulikatwaje? Ulikatwa na watu waliotazama. Mwaka 1961 daktari A. G. Shaper, aliyekuwa katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliandika katika jarida la matibabu la Afrika Mashariki habari za wagonjwa Waafrika wenye lupasi. Katika miaka hiyo ya 1960 wachunguzi wa mji wa New York walihesabu wagonjwa wao, wakaona kwamba ugonjwa huu huwapata wanawake weusi zaidi kuliko wanawake weupe. Mwaka 1985 Otieno na wenzake walitoa habari za wagonjwa wa lupasi waliotibiwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, baina ya 1972 na 1984. Hivyo neno "adimu" likaanza kupoteza nguvu zake. Kutoonekana si kutokuwapo.

Dawa za ugonjwa huu nazo zina safari ya ajabu, na safari hiyo inatukaribia kuliko unavyodhani. Kwinini, dawa chungu ya malaria, hutoka katika magamba ya mti wa Amerika ya Kusini. Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Wajerumani waliupanda mti huo Amani, katika milima ya Usambara, katika shamba la utafiti walilolianzisha mwaka 1902. Lakini hata kabla ya hapo, mwaka 1894, daktari J. F. Payne wa Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, alikuwa amewapa kwinini wagonjwa wake wenye lupasi ya ngozi, akaona nafuu. Hospitali hiyo ndiyo ile ile ambayo Florence Nightingale alifungua shule yake ya wauguzi mwaka 1860, na kuufanya uuguzi kuwa kazi ya elimu na heshima.

Ikaja Vita Kuu ya Pili. Katika misitu ya Burma, ambako vijana wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland walipigana mwaka 1944, askari walilazimishwa kumeza kila siku kidonge cha manjano kiitwacho mepakrini, ili malaria isiwamalize kabla ya adui. Dawa za namna hii zilimezwa na mamilioni ya askari, na baadhi ya wale waliokuwa na upele wa lupasi au maumivu ya viungo waliona hali zao zikitengenea. Mwaka 1951 daktari Page wa London aliandika juu ya nafuu waliyoipata wagonjwa wake wa lupasi kwa mepakrini. Muda si muda ikaja dawa ya jamaa hiyo iliyo nyepesi zaidi kwa mwili, haidroksiklorokwini, iliyokubaliwa kutumika Marekani mwaka 1955, nayo hata leo ndiyo msingi wa matibabu ya lupasi. Naam, dawa iliyokusudiwa homa ya nchi zetu ndiyo iliyomfaa mgonjwa wa ugonjwa uliojificha nyuma ya homa hiyo.

Karibu na wakati huo huo mambo mengine mawili yalitokea Marekani, katika hospitali ya Mayo. Mwaka 1948 Hargraves na wenzake waligundua alama ya lupasi katika chembe za uboho, na kwa mara ya kwanza ugonjwa ukaweza kutafutwa katika maabara. Mwaka 1949 Hench na Kendall walitangaza nguvu za kotisoni katika kutuliza uvimbe wa viungo, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1950 pamoja na Reichstein. Kabla ya hayo kupatikana kwa wingi, maisha ya mgonjwa yalikuwa mafupi: hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 1955 ilionyesha kwamba karibu nusu ya wagonjwa walikufa kabla ya kutimiza miaka minne tangu kutambuliwa. Leo, palipo na dawa na uangalizi, zaidi ya 8 katika kila 10 huvuka miaka kumi. Ugonjwa haujapata dawa ya kuuondoa kabisa, lakini umepata lijamu.

Lakini lijamu haijiongozi, yahitaji mkono. Hapa ndipo tunapomrudia muuguzi.

Tuseme yuko binti wa miaka 22, akaaye Kibokoni pamoja na mama yake na nyanya yake, na kusoma chuoni. Asubuhi hawezi kufunga vifungo vya nguo kwa kuwa vidole havikunjiki. Nyanya asema ni baridi yabisi, amkanda mafuta. Homa yaja jioni. Ndugu amnunulia vidonge vya malaria dukani. Homa yatulia, kisha yarudi. Miezi yapita. Jirani wa barazani asema binti amefanya uvivu. Mwingine asema ametupiwa jicho. Mwisho afika zahanati, na muuguzi aliyechoka kwa kazi ya siku nzima amtazama mara ya pili. Aona mashavu yamekoza weusi na pua vivyo hivyo. Amwuliza, "Mwanangu, mkojo wako hufanya povu?" Binti ajibu, "Ndiyo, bibi, lakini sikujua kuwa ni jambo la kusema." Muuguzi aupima mkojo, apima na shinikizo la damu, kisha ampeleka kwa daktari. Binti huyu nimemfanya kwa mfano tu. Lakini wenye habari kama yake wako, na pengine unamjua mmoja.

Muuguzi huyo alifanya nini? Alitazama, na alijua cha kutazama. Katika ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi kama unavyoonekana katika picha za vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Upele wa lupasi huweza kuwa na weusi uliokoza, au rangi ya zambarau, au kuacha mabaka na makovu. Povu la mkojo huweza kuwa dalili kwamba figo zinavuja, na figo huharibika kimya kimya, bila maumivu. Ndiyo sababu kila mgonjwa aendapo kliniki yapasa apimwe mkojo, damu, shinikizo na uzito, na vifundo vya miguu vitazamwe kama vimevimba. Hizi si kazi za fahari. Ni kazi ndogo zinazorudiwa, na ndizo zinazookoa figo.

Kisha muuguzi ni mwalimu. Humweleza binti kwamba haidroksiklorokwini haifanyi kazi kwa siku moja, bali kwa wiki na miezi, na kwamba kwa kuwa huweza kudhuru macho baada ya miaka, macho yapimwe kwa wakati wake. Humweleza kwamba prednisoloni, ndugu wa kotisoni, isikatwe ghafula kwa hali yoyote, maana mwili ukizoea kuipata huacha kutengeneza ya kwake, na kuikata ghafula huweza kuhatarisha maisha. Humwonya kwamba dawa zinazowatuliza askari waasi huwatuliza na askari waaminifu pia; kwa hiyo homa sasa si jambo la kukisia dukani. Yapasa damu ipimwe malaria, na maambukizo mengine yatafutwe, siku ile ile. Na humshauri kwamba atakapotaka kuzaa, azungumze na daktari kabla ya kushika mimba.

Liko jambo jingine ambalo Mji wa Kale wenyewe hulifundisha. Mombasa iko kadiri ya digrii nne kusini ya ikweta, na mwezi wa Machi na wa Oktoba jua la adhuhuri husimama karibu na utosi. Miali ya jua ni adui wa mgonjwa wa lupasi. Huweza kuamsha upele, na hata kuwasha ugonjwa wa ndani. Tazama basi jinsi wazee walivyojenga. Njia zao ni nyembamba, kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa ni ndefu, na roshani za mbao huchomoza juu ya njia, hata mchana mpita njia hupata kivuli. Hawakuijua lupasi, lakini walilijua jua. Binti wetu afanye kama mji wake: atoke asubuhi mapema au jioni, apite upande wa kivuli, avae mikono mirefu, ajifunike leso au buibui, achukue mwavuli, na apake mafuta ya kukinga jua palipo wazi. Wala asidanganywe na mawingu, wala na upepo wa baharini. Ubaridi wa upepo hauzuii miali, na maji na mchanga huirudisha usoni.

Lakini mtihani mkubwa wa kijana si jua wala kidonge. Ni macho ya watu. Prednisoloni huweza kuvimbisha uso na kuongeza unene, nywele huweza kupungua, na mtu aliyekuwa mrembo jana akajitazama katika kioo asijijue. Hapo ndipo wengi hushawishika kuziacha dawa, hasa siku wanapojiona wazima. Nako kujiona mzima ni kazi ya dawa ile ile anayotaka kuitupa. Muuguzi wa hospitali humwona binti mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote muuguzi wake ni mama, nyanya, ndugu na rafiki. Wao ndio wanaoweza kusema, "Umekunywa dawa?" pasipo kumwaibisha, ndio wanaoweza kumpokea ndoo ya maji siku vidole vinapokataa, ndio wanaoweza kumnyamazisha yule wa barazani asemaye ni uvivu. Uchovu wa lupasi si uvivu, kama vile kilema si ukaidi. Na anayetaka kumsomea dua amsomee, maana dua haikuzuia dawa, wala dawa haikuzuia dua. Lakini moja isikae mahali pa nyingine.

Nisikufiche, msomaji, kwamba si kila kitu kimo mikononi mwa jamaa. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoenea duniani, ilivuma kwamba haidroksiklorokwini huyatibu. Mwezi wa Machi serikali ya Marekani ikairuhusu itumike kwa dharura. Mwezi wa Juni ikaiondoa ruhusa hiyo, kwa kuwa faida haikuonekana. Lakini baina ya miezi hiyo watu katika nchi nyingi waliikimbilia dawa, na wagonjwa wa lupasi, ambao kwao si uvumi bali ni uhai, wakaitafuta madukani wasiipate. Wenye nguvu wakishikwa na hofu, wanyonge hunyang'anywa hata kidonge chao.

Basi tumefika mwisho wa safari yetu. Tumeona ugonjwa uliopewa jina la mnyama, ukafichwa na homa, ukakanushwa na vitabu, kisha ukafichuliwa na watu wachache waliokubali kutazama tena. Baadhi yenu mnaosoma kurasa hizi mtakuwa wauguzi na madaktari. Pengine mtafanya kazi katika Hospitali Kuu ya Pwani, au katika zahanati ndogo iliyo mbali na mji. Mgonjwa atakaa mbele yenu, nanyi mtakuwa mmechoka, na jina jepesi la ugonjwa wake litakuwa tayari midomoni mwenu. Siku hiyo mtazameni mara ya pili. Na ninyi wengine, ambao hamtavaa nguo nyeupe za kazi hiyo, mtakuwa ndugu wa mtu, au jirani wa mtu, au rafiki wa mtu anayesema amechoka. Msadikini kwanza, mengine yatapimwa.